Ciru na Ndimi za Kodiani

Siku Mulongo alipomwona Ciru kwa mara ya kwanza, alidhani amebeba mtoto mgongoni. Ilikuwa Jumanne ya manyunyu, mwezi wa tano, na njia za mtaa wa Huruma zilikuwa tope tupu. Mama mmoja aliyepita miaka sitini, amevaa buti za mpira na koti la kiume, alikuja moja kwa moja hadi kibanda chake cha funguo, akageuka, akafungua leso. Kilichoteremka hakikuwa mtoto. Ilikuwa kodiani nyekundu, kinanda cha kuvuta na kusukuma, yenye vifungo vyeupe ubavuni na mivukuto iliyobandikwa viraka vya kitambaa cha mwavuli.

"Fundi, unaweza kunichongea kisu kidogo kuliko ukucha?"

Mulongo alikuwa mtu wa aibu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, masomo yake yalikomea darasa la saba, na wateja wake walishazoea kujibiwa kwa kichwa. Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, akakipiga tupa mpaka ncha ikawa kama jino la panya. Ciru alikijaribu kwenye ukucha wa dole gumba, kikatoa unga mweupe.

"Nani alikufundisha kupiga tupa polepole hivi?"

"Ni funguo, Mama."

"Jumamosi njoo kwangu, nyuma ya kisiagi cha unga. Nina kazi inayotaka mkono kama huo."

Jumamosi ilipofika, mkewe Musimbi alimkuta akitafuta shati safi.

"Unaenda wapi?"

"Kuona kodiani."

"Wewe? Hata kanisani unaimba ukiwa umefunga mdomo," Musimbi akasema, akacheka hadi akaketi.

Ciru alikaa chumba kimoja chenye dirisha la kuelekea mferejini. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, si mbali na mji. Baba yake, Stephen, alikuwa akikamua ng'ombe wa mzungu, na Jumapili jioni mzungu huyo alipiga kodiani kwenye veranda huku Stephen akisikiliza kutoka zizini. Uhuru ulipokuja, mzungu alifunga mizigo akaiacha ile kodiani kwa sababu sauti mbili zilikuwa zimekufa. Stephen aliifungua kwa kisu cha siagi, Ciru akiwa ameshika taa. Alikuwa na miaka saba. Tangu siku hiyo, alisema, hakuwahi kuona kitu kizuri kuliko kilichokuwa ndani ya lile sanduku.

Mwaka wa vurugu za uchaguzi, nyumba yao ilipoungua, alitoka na kodiani mgongoni na mjukuu mkononi. Sufuria zote alizipoteza. Mjukuu alikuja kuwa mwalimu, na ile kodiani ndiyo aliyomletea Mulongo siku ya mvua.

"Angalia," Ciru alimwambia Jumamosi hiyo, akang'oa ubavu wa sanduku. Ndani kulikuwa na safu za vipande vya chuma vyembamba, vimekazwa upande mmoja, vimeachwa huru upande wa pili. "Hizi ni ndimi. Mivukuto ikisukuma hewa, ulimi unatetemeka, unatoa sauti. Wachina wa zamani ndio waliotia ulimi kwenye mwanzi. Wazungu wakachukua wazo, wakaongeza mivukuto, karibu miaka mia mbili sasa. Huku imeletwa na wenye mashamba, na vijana wetu waliotoka vitani nao wakarudi nayo. Wajaluo wakaipiga kivyao, sisi Wakikuyu tukaichezea ngoma ya mwomboko, nyinyi Wabukusu mkaipeleka kanisani."

"Na ulimi ukiharibika?"

"Sauti ikishuka, unakwangua kidogo kwenye ncha, inapanda. Ikiwa juu mno, unakwangua huku ulipokazwa, inashuka. Kidogo tu. Chuma ulichokwangua hakirudi."

Mulongo alielewa hilo upesi kuliko kitu chochote alichowahi kufundishwa shuleni. Ufunguo nao ni hivyo hivyo. Ukipitiliza, unatupa.

Lakini kosa lake la kwanza lilitoka kwenye funguo hizo hizo. Kila kifungo cha kodiani huliza ndimi mbili kwa pamoja, na Ciru alimwachia jozi moja azipatanishe. Mulongo alijifungia nazo asubuhi nzima. Mtu anayechonga ufunguo wa pili hujivunia ukilingana na wa kwanza kabisa, bila tofauti ya unywele, na ndivyo alivyofanya. Alipomaliza, ndimi mbili zililia kama ulimi mmoja.

Ciru alibonyeza kifungo, akabonyeza tena, akaiweka kodiani chini.

"Umeniulia."

"Si ziko sawa?"

"Ziko sawa mno. Hii sasa ni king'ora cha kiwanda." Alikuwa akicheka, machozi yanamtoka. "Sikiliza, fundi wa funguo. Hizi ni mtu na mkewe. Mmoja anakaa juu ya mwenzake kidogo tu, ndipo sauti inatikisika. Ule mtikisiko ndio kodiani yenyewe. Ukiuondoa, umebaki na sanduku."

Akamwonyesha jinsi ya kuuhesabu. Unaziba ulimi mmoja kwa kipande cha karatasi, unasikiliza wa pili peke yake, kisha unatoa karatasi na kuhesabu mawimbi. Kwa ngoma ya harusi alitaka mtikisiko wa haraka, kama mtu anayepepeta mahindi mvua ikiwa karibu. Kwa nyimbo za kanisa aliupunguza hadi ukafanana na pumzi ya aliyelala.

Mulongo alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, hadi miaka minne ikapita, wakitengeneza kodiani za makanisa na za harusi. Wakawa na utaratibu wao. Ciru aliamini kwamba anayeipiga kodiani haisikii vizuri, kwa sababu iko kifuani mwake. Kwa hiyo kazi ilipoisha, Mulongo aliketi mlangoni na kubonyeza kifungo kimoja kimoja, naye Ciru alikwenda kusimama mferejini, hatua ishirini, akaupa mlango mgongo. Akiridhika, alipaza sauti, "Funga skrubu." Ni hapo tu ndipo sanduku lilipofungwa. Na kodiani iliyofungwa hivyo haikuwahi kurudishwa, si kutoka Turbo, si kutoka Kapsabet. Hilo Ciru alilitaja mara nyingi bila kuona haya. "Jina langu liko kwenye zile skrubu," alisema.

Mwaka wa nne, kanisa moja la upande wa Kesses lilileta kodiani kubwa. Jengo lao jipya lilikuwa lifunguliwe Jumapili. Mzee wa kanisa, Kigen, angekuja kuichukua Ijumaa saa kumi. Mulongo alifanya ndimi nene za chini. Zile nyembamba za juu Ciru alizifanya mwenyewe Alhamisi, Mulongo akiwa na kazi ya kufuli.

Ijumaa mchana Mulongo aliketi mlangoni kama kawaida, Ciru akaenda mferejini. Sauti za chini zilitikisika vizuri. Za katikati pia. Alipofika vifungo vinne vya mwisho, mkono wake ulisimama. Zilikuwa zinagombana, mtikisiko mkali wa kukwaruza, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Akarudia. Ilikuwa vile vile.

"Sawa kabisa," Ciru akaita kutoka mferejini. "Funga skrubu."

Mulongo alishika bisibisi, asiiguse skrubu. Akakumbuka jinsi Ciru alivyoanza kuwageuzia watu sikio la kulia wakiongea, na redio yake iliyokuwa ikisikika hadi barabarani. Akifunga, Jumapili kanisa zima litasikia, na jina la miaka yote hiyo litakwisha katika wimbo mmoja. Akisema, atakuwa anamwambia Ciru kwamba sikio lake limemtupa.

Ciru alirudi akamkuta sanduku liko wazi.

"Unangoja nini?"

"Mama, za juu zinagombana."

"Zipi?"

"Nne za mwisho."

"Hizo nimezipima mwenyewe."

"Najua."

Ciru akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Leo Mbukusu amepata mdomo. Miaka minne nangoja uongee, na siku unayoongea ni ya kunitukana."

Miguu ya Mulongo ilitaka kwenda nyumbani. Aliizuia.

"Si matusi, Mama. Nikinyamaza mimi, Jumapili itasema yenyewe."

Ciru aliketi kwenye kigoda, akaivuta kodiani, akaegemeza taya kwenye mbao zake. "Vuta," akasema. Mulongo akavuta mivukuto, akabonyeza. "Inayofuata." Akabonyeza. Walifika ya nne Ciru akiwa amefumba macho. Alipoinua uso, alama ya mbao ilikuwa imebaki shavuni.

"Sikioni haiingii, lakini mfupa umeisikia. Umesema kweli." Akaisugua ile alama. "Tangu Pasaka sijasikia ndege asubuhi. Nilidhani wamehama Huruma."

Akafungua mkono wake na kumpa kile kisu kidogo.

Saa kumi Kigen aliteremka kwenye boda boda, amevaa tai.

"Mama, iko tayari?"

"Keti, Mzee. Fundi anamaliza."

"Fundi si wewe?"

"Fundi ni mwenye masikio."

"Huyu wa funguo? Asije akaifunga, tukakosa wa kuifungua."

Mulongo hakuinua kichwa. Alikwangua, akapuliza, akatia karatasi, akatoa, akahesabu. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko siku zote. Ulimi wa mwisho ulipotulia, alimpa Kigen kodiani ili aibonyeze, naye akatoka. Alitembea zile hatua ishirini hadi mferejini, katikati ya wanawake waliokuwa wakifua, akaupa mlango mgongo. Alisikiliza hadi kifungo cha mwisho. Kisha akapaza sauti, wote wakageuka kumtazama, "Funga skrubu."

Akasikia bisibisi ikizunguka. Aliyeishika alikuwa Ciru.

Jumatatu Kigen alipiga simu, si kulalamika. Alitaka kujua kama fundi angeweza kwenda kwenye kanisa jirani, ambalo nalo lilikuwa na kodiani bubu.

Mwisho wa mwaka Ciru alihamia Nyahururu kwa binti yake. Vyombo vyote alimwachia Mulongo, na wateja pia, akiwaambia mmoja mmoja. Mwezi wa tatu misheni moja ilileta kodiani tatu kwa mpigo, na Mulongo, ambaye hata ndugu zake aliwatumia ujumbe ili asiongee, alimpigia Ciru simu. Akamweleza juu ya ndimi zenye kutu, juu ya nta ya kuzigandishia iliyoyeyuka, juu ya mtikisiko aliouchagua na kwa nini. Aliongea mpaka akajishangaa. Siku kumi na moja baadaye Ciru alifariki usingizini, kwa hiyo hawakuzungumza tena. Siku ile ya simu, Mulongo alipotulia kuvuta pumzi, sauti ya Ciru ikaja, kubwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Sikusikii, Mulongo, lakini wewe endelea tu kusema."