Jinsi pesa za ukuta wa court yetu zilivyoishia kwenye matanga

Wakuu, salamu kutoka Nyakoe, Kisii. Nimesoma hapa nyuzi nyingi za watu wa apartment za Nairobi wakilia na service charge. Leo niwape ya kwetu mlimani. Sitatia chumvi, na kosa langu nitalitaja mwenyewe.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya ujenzi. Nilikaa Doha miaka tisa nikitunza majengo marefu. Nilianza kibarua, nikaondoka msimamizi wa mafundi ishirini. Nikarudi, nikanunua ploti, nikajenga bila mkopo. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Court yetu ina nyumba kumi na nne kwenye mteremko. Mali yetu ya pamoja ni geti, barabara ya ndani na ukuta wa mawe unaozuia udongo wa juu usishukie nyumba za chini.

Nyumba iliyo karibu zaidi na ukuta ni ya Sister Bosibori, muuguzi mstaafu. Kutoka jikoni kwake hadi ukutani ni hatua nne.

Wiki ya kwanza tu niliona ukuta umefura tumbo. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na mizizi ya migomba. Kwetu ardhi haikai bure, kwa hivyo kila mtu alikuwa amepanda ndizi zake juu ya ukuta wa wote.

Nikaitisha mkutano Jumapili, maana nusu yetu ni Wasabato, Jumamosi wako kanisani. Nikawaletea mpango kama wa Doha: kila nyumba iweke akiba kila mwezi, tutengeneze kabla ya kuharibika.

Walicheka.

"Engineer wa Doha, unatuchangisha matanga ya ukuta ambao bado uko hai?" akauliza jirani yangu Nyang'au.

Sister akamjibu, "Cheka tu, Nyang'au. Wewe ukuta haukuangalii ukipika."

Wakakubali kwa aibu. Tulichanga mwaka mzima, fundi nikampata. Lakini migomba ilibaki. Kila mtu alingoja mwenzake akate kwanza.

Kabla kazi haijaanza, mwenyekiti wetu, Mwalimu Ombati, akafiwa na kijana wake. Bili ya hospitali ilikuwa nzito na mwili ulikuwa umezuiliwa. Kamati ya mazishi ikakaa sebuleni kwake. Hapo mtu akakumbuka pesa za ukuta.

Nilisimama nikakataa. Nikawasomea tulivyokubaliana.

"Ukuta una mama wa kuulilia?" Nyang'au akaniuliza mbele ya wote.

Nikamgeukia Sister, nikijua ataniunga mkono.

"Toeni," akasema. "Nimefumba macho ya maiti wengi. Sitalala nikijua kijana wa Mwalimu yuko mochari kwa sababu ya jiko langu."

Zikatolewa. Tulisema tutarudisha. Hatukurudisha, na mnajua vile matanga humaliza watu.

Mvua ndefu ikaja. Ukuta ulianguka saa tisa mchana, Sister akiwa ametoka tu jikoni kumfungulia mgeni mlango. Jiko lote lilifunikwa.

Wa kwanza kufika na jembe alikuwa Mwalimu. Alichimba akilia.

"Tata, acha kulia," Sister akamwambia, kwa heshima tunayowapa baba zetu. "Hata leo ningesema toeni."

Wakuu, nilikasirikia kila mtu siku ile. Baadaye nikakasirikia mpango wangu. Doha mtu akifa ghorofa ya sita, wa ghorofa ya saba hajui. Mimi nikaunakili mpango wa watu hao nikauleta Kisii, ambako hakuna anayeweza kuukataa msiba wa jirani.

Sasa tuna mifuko miwili, wa mali na wa msiba. Ule wa mali hautoki bila sahihi ya Sister, na safari hii amekubali kuwa mgumu. Migomba nimekata mwenyewe, nikaanza na yangu. Ukuta mpya nimeusimamia bure, na nawahakikishia Kisii na Nyamira nzima hamtaona uliosimama kama huo.

Funzo langu: panga akiba kulingana na watu ulio nao. Kama hujawatengea pa kutoa pesa za machozi yao, watazitoa kwenye ukuta.

Nyinyi kwenye court zenu, msiba ukiingia mnachukua wapi? Semeni ukweli. Wa kunitukana pia karibuni, lakini kwanza nendeni mkaangalie ukuta wenu.