Mikono Miwili ya Kushoto

Asubuhi ile mkono wa kulia wa Coletha haukuamka naye. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ng'ombe wake, nyumbani kwao Singe, ukungu wa ziwa umepanda hadi kwenye migomba, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wenye joto wa mnyama kama alivyofanya kwa miaka thelathini. Alishika chuchu mbili, akakamua. Kushoto maziwa yaligonga ndoo. Kulia kimya. Akautazama mkono. Vidole vilikuwa pale pale, vimeizunguka chuchu, vimetulia kama vya mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakuogopa. Baadaye alisimulia kwamba ilikuwa kama kutazama mkono wa mgeni aliyefika na bado hajasema alichofuata.

Aliyeogopa ni mumewe, Theophil. Alimwita, akajibiwa kwa maneno mazito yanayoteleza. Akampakia kwenye bajaji hadi hospitali, wakaambiwa ni kiharusi kidogo na kwamba wamewahi. Maneno yalirudi siku ya tatu. Mguu nao ulirudi. Mkono ulibaki huko ulikokwenda.

Siku zilizofuata Coletha aliziishi kama mtu aliyelala juani. Kusonga ugali hakuweza, kufunga kanga hakuweza, hata kufungua chupa ya chai. Aliketi barazani akiutazama Mlima Kwaraa ukivaa wingu na kulivua, mkono umelala mapajani. Alipopitiwa na usingizi mchana, aliota anakamua. Theophil aliviona vidole vile vikicheza, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu kwenda chini, na uso wa mkewe ukitabasamu. Akiamka, vidole navyo vinanyamaza. Coletha alisema anauhisi uvuguvugu wa maziwa kiganjani kabisa, kisha unapotea.

Kila Jumanne walikwenda kwa Edda, binti wa mazoezi ya viungo, ambaye alimpa kifaa cha chuma akiminye kwa kila mkono. Kushoto kilisoma kilo ishirini na mbili. Kulia, nne. Edda alimwambia awe anaminya sifongo yenye maji kila siku, asikate tamaa. Coletha aliminya. Matone yalidondoka machache, polepole, naye aliyatazama yote hadi ardhi ilipoyanywa.

Ng'ombe alikamuliwa na jirani yao, Rosemary. Theophil hakuwa amekamua hata siku moja. Alikuwa fundi wa kujenga, na tena mashoto. Utotoni mama yake aliufunga mkono wake wa kushoto kwa kitambaa ili ajifunze kula kwa kulia, na shuleni alichapwa kwa ajili hiyo hiyo. Akajifunza kula na kusalimia kama watu wengine, lakini mwiko wa saruji haukukubali kuhama mkono.

Rosemary alipokwenda kwenye msiba Dareda, Theophil alichukua ndoo mwenyewe. Ng'ombe alizuia maziwa. Akavuta, akabembeleza, akapigwa teke. Alikuwa bado anajifuta matope Coletha alipotokea katika ukungu, amejifunika shuka, akimwomba asogee. Akaketi kwenye kigoda. Theophil akaleta tofali, akakaa kuliani kwake, mabega yakagusana.

"Huo wa kulia uweke gotini," Coletha akasema. "Nipe huo mwingine."

Theophil alisita. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto, ukapita mbele ya ule uliolala, ukafika pale hasa ambapo mkono wa mkewe ungefika.

"Usivute, Baba Evangelina. Funga kidole cha juu kwanza, halafu kinachofuata. Yasukume yashuke."

Ng'ombe aligeuza kichwa, akamnusa Coletha, akatoa pumzi ndefu, na kiwele kikalegea. Maziwa ya mke yaligonga ndoo, yakagonga ya mume, kwanza kwa kupishana vibaya, kisha kwa zamu, hadi Coletha akafumba macho. Kwa muda hakujua kwa hakika ni mkono gani wake na upi si wake. Povu lilipanda. Ukungu ulipoondoka uliwakuta bado wameketi, ndoo imejaa zamani.

Huu ni mwaka wa tatu. Kipimo cha Edda sasa kinasoma kilo kumi na moja kwa kulia. Coletha anasonga ugali kwa mikono miwili na kufunga kanga yake mwenyewe, ila kukamua kwa mkono ule bado. Rosemary alipojitolea kurudi walimshukuru, wakamwambia wanaweza. Theophil amechelewa kazini mara nyingi kwa sababu hiyo, na hajawahi kueleza.

Krismasi iliyopita binti yao, Evangelina, alikuja kutoka Arusha na kusema wazazi wapumzike, atakamua yeye. Ng'ombe yule alikuwa ameshazeeka. Anayekamuliwa sasa ni binti yake, ng'ombe mchanga aliyezaa mara ya kwanza na hajui mikono mingine. Evangelina alikaa na mikono yake miwili yenye afya, akahangaika nusu saa. Hakupata hata kikombe.

Coletha alicheka mpaka akashikilia ua wa zizi. Theophil akanawa, akaleta tofali lake. Evangelina alipewa kazi ya kushika ndama.