Maji Matamu ya Landrova

Malori yakisimama hapa mji wa Salama na dizeli ikamwagika barabarani, wenzangu hufunika pua. Mimi huacha kuchambua maharagwe, nikanusa. Hapo hapo ninarudi kimawazo kijijini Nuu, kwa baba yangu Mutisya.

Alikuwa dereva wa daktari wa ng'ombe. Alikuja nyumbani siku moja kwa mwezi, na hiyo siku ilikuwa ya gari, landrova nzee ya dizeli. Alikuwa chini yake tangu asubuhi: anamwaga oili, anapaka grisi kila kiungo, anafungua skrubu chini ya filta ili maji yaliyojificha kwenye dizeli yatoke, anaosha chujio la hewa lililojaa vumbi letu jekundu. Mimi baba nilimjua kwa miguu. Nilikaa kando na mkebe wa grisi, nikiongea na nyayo zake.

"Baba Mbithe," mama yangu Syombua alimuuliza, "hiyo gari inaugua nini?"

"Haiugui."

"Sasa unaitibu ya nini?"

"Ndiyo isiugue."

Kilichoniuma zaidi ni maji. Kisima chetu kilikuwa cha chumvi, na sisi tulikunywa hivyo hivyo, tumekunja uso. Maji ya mvua kutoka kwa bati yaliwekwa kwenye debe, ya rejeta ya kupoza injini peke yake, kwa sababu chumvi ingeganda ndani na kuiziba. Gari ilikunywa matamu, halafu jioni inanichukulia baba.

Nilipokuwa na miaka kama minane, niliamua baba habebwi tena. Nikamimina maji ya debe kwenye nyungu ya mama, nikajaza debe maji ya kisima.

Baba alichovya kidole, akalamba, kama alivyofanya kila mara. Akaniangalia. Mimi Mbithe nina jina la mama yake, kwa hivyo aliniita Mwaitu, yaani "mama yangu" kwa Kikamba.

"Mwaitu, ulitaka nikwame?"

"Ndio. Hapa."

"Hapa haingekwama. Ingekwamia mbali, porini, na mimi peke yangu."

Mama, aliyekuwa amepika chai kwa maji ya nyungu, alicheka. "Na mimi nikifikiri leo nimejua kupika chai!"

Baba hakucheka. Alichota kwenye nyungu kikombe kwa kikombe, akajaza rejeta, akaenda. Nilisimama njiani mpaka vumbi likatulia.

Niliichukia hiyo gari miaka mingi. Siku tulipomzika baba, mzee Kioko, dereva mwenzake, alisimama kuzungumza.

"Mutisya alitusumbua huyu," akasema. "Mafundi walikuwako Kitui, na gereji nzuri. Yeye akamwambia mkubwa wetu, hii gari haiguswi na mtu, nitaihudumia mwenyewe, kwangu. Likizo hatukuwa nayo. Oili aliyokuwa akimwaga ilikuwa bado safi."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Kumbe gari ndiyo iliyokuwa ikimleta. Na siku zote hizo, hata mara moja sikuingia kule chini nikalala kando yake. Nafasi ilikuwako.