Nilichagua mtaala wa sayansi wa binti yangu kwa kuangalia boksi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, wenye mvua na wenye vumbi.

Juzi mwenzetu mmoja humu aliuliza mtaala gani wa sayansi unamfaa mtoto wa Gredi 7 anayesoma nyumbani. Majibu yakamiminika, kila mtu bingwa. Niliyasoma yote nikiwa dukani, na katika kila bingwa nikamwona yule mimi wa miaka miwili iliyopita. Nikaona afadhali nifungue uzi wangu kuliko kubishana kwenye uzi wa mtu.

Haya yamenikuta mimi, sikusimuliwa. Mengi yananiaibisha, kwa hiyo siongezi chumvi. Ningekuwa wa kuongeza, ningeongeza upande wa kunipamba.

Naishi Garsen, nina duka la agrovet. Wafugaji wanakuja kwa dawa za kupe na minyoo, wakulima wa kando ya mto wanakuja kwa mbegu na dawa za viwavi. Mke wangu, Mama Debora, analima mpunga na mahindi kwenye shamba la kwao mtoni. Debora ndiye kifungua mimba wetu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tatu.

Debora ana selimundu, wengi mnaijua kama sickle cell. Ni ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Maumivu yakimshika yanaingia mifupani, na siku hiyo hata kalamu haishikiki.

Mwaka ule mafuriko yalikata barabara, shule ikafungwa. Ilipofunguliwa, mwalimu mmoja alikuwa akifundisha Sayansi, Kiswahili na michezo, maskini ya Mungu, na Debora anahudhuria wiki moja anakosa mbili. Tukaamua asomee nyumbani mpaka apate nguvu. Mwalimu mkuu alikubali jina lake libaki pale, awe anaenda kufanya mitihani.

Tukagawana masomo. Mke wangu akachukua hesabu na lugha. Mimi nikachukua sayansi, kwa sababu sekondari nilipata B ya Biolojia, na sidhani kuna mtu Garsen ambaye hajawahi kuambiwa.

Sasa ikaja kazi ya kuchagua mtaala.

Nikaingia group la wazazi wa homeschool, wengi wao wa Nairobi. Wakuu, mle ndani nilikuta madhehebu matatu. Kuna wa Amerika, kuna wa Uingereza, na kuna wale wanaosema mtoto asifundishwe chochote, aachwe amtazame kipepeo mpaka elimu imwingie yenyewe. Kila dhehebu linatuma voice note za dakika saba. Hakuna aliyewahi kutaja mtoto wake anajua nini.

Humo nikampata mshauri wa elimu. Huyu alinitumia fomu. Swali la kwanza: falsafa yako ya malezi ni ipi? Nikajaza "wastani".

Akanijibu kwamba mtoto wangu anahitaji mtaala wa Amerika, ule kamili, wa boksi. Baadaye niligundua kila mzazi mle ndani mtoto wake alihitaji huo huo. Huyo mshauri alikuwa ndiye anayeuagiza.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameazima kitabu cha Sayansi Jumuishi kwa yule mwalimu. Kitabu cha hapa hapa, kinachofuata mtaala wa serikali. Jalada limetoka, ukurasa wa kwanza una duara la kikombe cha chai. Nikamwambia hivyo ni vitabu vya kukariri. Neno hilo nilikuwa nimelipata kwenye group asubuhi ile ile.

Yeye akanishauri niangalie kwanza yaliyomo. Nikamwona hajui mambo.

Boksi likafika na basi. Ningeweza kulipeleka nyumbani. Nililifungulia juu ya kaunta, saa ambayo duka limejaa.

Mzee Barisa alikuwepo. Ni mfugaji wa Kiorma, mteja wangu wa miaka mingi. Aliangalia vile vitabu vinavyong'aa, akauliza kama ni dawa ya minyoo au ya kupe. Nikamweleza ni sayansi ya binti yangu, imetoka Amerika. Akafikiri kidogo.

"Inaponya nini?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Mzee akachukua dawa yake ya kupe akaenda.

Tukaanza. Sura ya kwanza, hali ya hewa. Debora akafundishwa theluji ndani ya Garsen, jasho likidondokea kwenye picha ya theluji. Zoezi la kwanza lilisema toka nje, okota majani matano yaliyobadilika rangi kwa sababu ya baridi. Nje kwetu kuna mti wa mathenge tu, na mathenge hauna habari na baridi. Akaokota matano yaliyosazwa na mbuzi.

Zoezi jingine lilitaka kabichi ya zambarau. Nilizunguka soko lote. Mama mmoja muuza mboga aliniuliza kwa huruma kama kabichi ninayoitafuta imepigwa. Mwishowe rafiki akanitumia moja kutoka Malindi, ikafika imeshajipika yenyewe.

Kulikuwa na zoezi la kuchambua matapishi ya bundi. Hilo halikufanyika. Mke wangu aliposikia neno bundi alifunga kitabu.

Lakini Debora ni mtoto mwerevu. Alijaza karatasi zote, akapata zote. Mimi nikawa napiga picha zile alama natuma kwenye group, napigiwa makofi ya vikaragosi. Ukweli ni kwamba nilipiga picha kuliko nilivyofundisha.

Aliniuliza kwa nini mto Tana unajaa wakati kwetu haijanyesha hata tone. Nikatafuta kwenye faharasa, nikapata mto wa kwao. Nikamwambia tumalize kwanza sura ya tano. Akaliandika swali kwenye kijidaftari chake.

Halafu kuna asubuhi moja ambayo sijaisahau.

"Baba, sura ya damu iko wapi?"

Nikafungua orodha. Damu ilikuwa kwenye boksi la mwaka unaofuata. Urithi, yaani jinsi mtoto anavyopata vitu kutoka kwa wazazi, ulikuwa boksi la mwaka baada ya huo. Nikamwambia sayansi ina mpangilio wake, tutafika. Akauliza kama ni mwaka ujao kweli. Nikamwambia ndiyo. Akafunika kalamu.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo ambalo sikulisema kwenye group.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya pili alipimwa kliniki, akaambiwa ana nusu ya ugonjwa huu kwenye damu yake. Haumwi, ila anaweza kuupitisha kwa mtoto. Wakamwambia aje na mume. Nikamwambia mimi damu yangu iko sawa, nina duka la kufungua. Habari ilipomfikia mama yangu, akasema alijua tangu zamani kwamba ugonjwa umetoka nyumba ile. Alilisema kwenye matanga, alilisema kwenye harusi. Mke wangu akawa hazungumzi kitu tukienda kwa mama.

Na mimi mwenye B yangu nilikuwa nakaa pale, naijua ile mada, nakunywa chai.

Kwa hiyo orodha iliponiambia urithi ni miaka miwili mbele, sitawadanganya, nilipumua.

Wiki chache baadaye Debora akapata homa, na maumivu yakamshika kuliko tulivyozoea. Tukampeleka hospitali ya Hola, akalazwa. Siku mbili za kwanza sitazieleza. Mzazi mwenye mtoto wa hivi anazijua, na asiye naye asizijue.

Siku ya tatu akaweza kukaa. Akaja mtaalamu wa maabara kumtoa damu, Bwana Omari, mtu wa Kipini, mpole, Kiswahili chake cha kule. Debora akamshambulia kwa maswali. Mbona damu inaenda kwenye chupa mbili? Mbona hii haigandi? Bwana Omari akafurahi, akamuuliza anasoma sayansi gani. Nikamjibu mimi, kabla ya mtoto, nikataja Amerika na boksi kamili.

Akamgeukia Debora, akamuuliza chembe nyekundu za damu zina kazi gani mwilini.

Debora akaniangalia. Nikasema hawajafika hapo.

Bwana Omari hakucheka. Aliendelea kubandika jina kwenye chupa, akasema taratibu, "Mtoto yuwaugua damu, na hajafika kwenye damu?"

Wakuu, nimetukanwa sokoni na barazani. Hakuna tusi lililowahi kukaa pale lilipokaa lile.

Jioni alituruhusu watatu tuingie maabara. Akaweka tone la damu ya Debora kwenye kioo chini ya hadubini, akamwonyesha namna ya kutazama. Debora akatazama muda mrefu. Akasema nyingine ni za mviringo, na nyingine zimepinda kama mundu wa mama wa kukatia mpunga. Bwana Omari akamweleza kwamba zile zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama ndipo panapouma.

"Kumbe ni hizi," Debora akasema. Basi. Miaka kumi na tatu anaumwa na kitu, siku hiyo ndiyo wameonana.

Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma bango la kunawa mikono ukutani.

Halafu akauliza zimeingiaje kwake, na mdogo wake hanazo. Bwana Omari akachukua vifuniko vya chupa za damu, vyekundu na vya zambarau, akavipanga mezani. Kila mtu ana viwili, akamwambia. Kimoja cha baba, kimoja cha mama. Chekundu ni kizima, cha zambarau ni cha mundu. Mwenye viwili vya zambarau ndiye anayeugua.

Debora akavuta viwili vya zambarau mbele yake. Hivi ni mimi, akasema. Akachukua chekundu na cha zambarau, akaviweka upande wa mama yake, kwa sababu habari ya mama yake ilikuwa inajulikana na ukoo mzima. Akasogeza kile cha zambarau cha mama mpaka kwake. Kimoja kikapata kwao.

Kingine akabaki nacho kidoleni.

"Baba, wewe ulipimwa?"

Mke wangu alijifunga leso upya, polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari aliyoingoja muda mrefu.

Nikatoa kidole. Kuna kipimo cha haraka, majibu siku hiyo hiyo. Sina haja ya kuwaambia yalitoka vipi. Debora alikuwa ameshayapata kwa vifuniko.

Tuliporudi Garsen, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwa mama yangu kijijini pamoja na Debora. Nilitaka kusema mwenyewe, maneno yakanishinda. Debora akaomba kunde nyekundu na nyeupe, akazipanga kwenye ungo mbele ya bibi yake, akamfundisha kama alivyofundishwa. Alipofika kwangu akaweka kunde nyeupe, ndiyo ya mundu, akasema hii ni ya baba, imeonekana kwenye kipimo.

Mama akaiokota ile kunde nyeupe. Kisha akasema alikuwa na dada wawili waliokufa wadogo, wakilia mifupa. Watu walisema wametupiwa jicho. Debora akamuuliza majina yao, akayaandika.

Kesho yake mama alipanda bodaboda akaja mpaka kwetu. Hakuketi. Akamwambia mke wangu, mbele yangu, "Nilikubebesha mzigo, mwanangu, na nusu yake ni yangu."

Mke wangu akamshika mikono, akamkalisha. Kisha akamjibu kwamba hamlaumu mtu ambaye hakusoma. Wa kulaumiwa ni aliyefundishwa haya darasani, akapewa na B.

Akaenda kuweka chai.

Sasa wale mnaosubiri jina la mtaala. Tunatumia kile kitabu cha hapa hapa kisicho na jalada. Hakina uchawi. Mengine yake yamekaa vibaya, na sehemu nyingine inabidi niongezee. Ila tunaanza na swali la mtoto, tunalitafutia sura, hatufuati namba za sura. Tukienda kliniki, Bwana Omari anampa nusu saa. Swali la mto limemchukua wiki tatu, akachora mto kutoka mlima Kenya na Aberdare, kunakonyesha mvua, mpaka Kipini kwenye karatasi iliyojaa ukuta. Habari za kupe amefundishwa na Mzee Barisa, na mwalimu huyo anajua kuliko mimi mwenye duka.

Lile boksi si baya. Mambo ya nguvu na mwendo yameelezwa vizuri, tumeyatumia. Liliandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine, na kosa si la boksi.

Debora yuko Gredi 9 sasa, anaenda shule siku anazoweza. Maumivu bado yapo, hayakuondoka kwa sababu tumeelewa. Ila sasa hunywa maji bila kukumbushwa, na yakianza kumshika husema mapema. Mdogo wake tulimpima, ana nusu kama sisi wawili, na anajua maana yake.

Nililojifunza ni dogo. Kabla hujaniuliza mtaala gani, niambie mtoto wako amekuuliza nini wiki hii, na ni swali gani ulilomwambia angoje. Huenda hukuwa unalinda mpangilio wa sayansi. Mimi nilikuwa najilinda mwenyewe.

Wanaofundisha nyumbani, leteni yenu, hasa wa huku kwetu kwenye data ya kubahatisha. Wenye watoto wa selimundu, tusemezane hapa chini bila kuoneana haya. Na walio tayari kuandika kwamba nilikuwa mjinga, andikeni tu, ila foleni ni ndefu na mke wangu yuko mbele.