Gari Iliyokunywa Maziwa ya Ngamia

Mimi sikuzaliwa na cheti, kwa hivyo miaka yangu naihesabu kwa tumbo. Kuna mwaka watu walichemsha viatu vya ngozi ya ngamia mpaka vikalainika, wakatafuna, wakamshukuru Mungu. Huo sikuuona, nilisimuliwa. Wangu ni ule wa unga wa njano, unga wa msaada uliokuja kwa magunia ukinuka panya. Mama aliusonga, akauweka mbele yetu, tukautazama kama watu wanaotazama jua. Kaka yangu aliuliza kama ng'ombe wa wazungu wamelala njaa, maana chakula chao tumekila sisi. Nyinyi wenzangu mliochunga mbuzi mwaka huo mnanielewa. Wale wanaohesabu miaka kwa simu mpya iliyotoka, wakae kitako wasikilize.

Tuliishi upande wa Wajir, kwenye visima. Siku hizi nyumbani kwangu hapa Garissa hakuna mazungumzo mengine ila wota pampu, ile pampu ya maji ya gari, kana kwamba ni bibi harusi. Hata sisi tulikuwa na pampu. Yetu ilikuwa wajomba wanne. Mmoja alisimama chini kisimani, maji yakimfika magotini. Wa pili alikanyaga jiwe juu yake, wa tatu juu ya huyo, wa nne mdomoni mwa kisima, na ndoo ya ngozi ikapanda mkono kwa mkono huku wanaimba. Wimbo ukisimama, maji yanasimama. Ngamia waliujua ule wimbo, walikuja wenyewe wakijipanga kuliko watu wa benki. Pampu hiyo haikuagizwa kutoka Japani. Mafuta yake yalikuwa bakuli la maziwa na nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa ikalala ndani ya samli. Mjomba akiumwa mgongo, tuliweka mjomba mwingine.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuzuia mbuzi wasiwahi birika la kunyweshea kabla ya zamu yao. Tukimaliza tulichora miraba mchangani, tukacheza kwa vijiwe na vinyesi vikavu vya ngamia. Ndiyo, vinyesi, na hakuna aliyekufa. Jioni tulienda duksi kusoma Kurani, kila mtu na ubao wake na wino wa makaa, na mwalimu alikuwa na fimbo iliyojua majina yetu yote. Shule ya serikali mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na mabati.

Na maziwa! Mama alifukiza chombo kwa moshi wa mti kabla ya kukamulia, kwa hivyo ukinywa ulikuwa unakunywa na moto wenyewe. Lakini kwenye moto wa kweli maziwa ya ngamia hayakwenda kamwe. "Ukiyachemsha hapa," mama alisema, "chuchu zinakauka kule malishoni." Hakuna aliyemuuliza ushahidi. Kofi la mama lilikuwa ushahidi.

Mara moja moja lori ilipita, moshi mweupe ukitoka puani. Dereva alishuka mbio na debe lake, akiita watu pembeni, ana haraka, ana mzigo wa serikali. Baba alimwonyesha mkia wa foleni. Dereva mmoja alilalamika kwamba injini yake itakufa. Baba akamtazama, akaitazama lori, akamwambia, "Lori yako haina ndama." Dereva akasubiri nyuma ya ngamia, na nyuma ya mbuzi, akisikiliza wimbo. Alipoondoka alikuwa anauimba.

Sasa tazameni dunia ilivyopinduka. Zamani mnyama alimbebea mtu maji. Leo mtu anaibebea gari maji.

Binti yangu Halima anauza maziwa ya ngamia sokoni. Mwanawe Jamaal ndiye dereva: alfajiri anaenda porini, barabara ya kuelekea Hagadera, anayachukua kwa wanawake wenye ngamia, anayaleta mjini kabla ya jua kali. Gari yenyewe ni kuukuu, imefungwa waya hapa, imebandikwa gundi pale, lakini redio yake, mashallah, inasikika mpaka ng'ambo ya mto Tana. Redio haijawahi kuharibika hata siku moja. Pesa za redio hupatikana.

Basi wota pampu ikaanza kuvuja. Kwanza tone, kama pua ya mtoto. Halafu ikaanza kulia, wii, wii, kila gari ikiwashwa. Fundi akalala chini yake, akatoka amelowa, akasema, "Hii imekwisha. Weka nyingine kabla haijakuua njiani." Jamaal akamjibu, "Iko sawa, itashikilia." Akapaka sabuni ya kipande mahali panapovuja. Sabuni! Nikamwambia, sawa mjukuu wangu, na ikizidi uipake hina, iolewe.

Pesa hazikuwepo, hilo nakubali. Ukame umekula kila mtu hapa. Lakini mtu asiye na pesa anatakiwa awe na akili, na hapo ndipo nyumba yetu ilipopungukiwa. Jamaal alijaza vibuyu vya plastiki maji, akawa anasimama kila penye kivuli kuinywesha gari, anaibembeleza, anaipigapiga shavuni. Mimi bibi yake, nikiomba maji ya kutawadha, niliambiwa, "Ayeeyo, ngoja kidogo." Gari haikuambiwa ingoje.

Siku hiyo alikuwa anarudi na mzigo. Jua limesimama, mji uko mbali, na maji ya vibuyu yamekwisha. Gari ikachemka, ikapiga mluzi, ikazima. Huku maji hana, huku nyuma amepakia madebe ya maziwa. Kijana wangu akafikiri. Ningependa sana kuuona uso wake akifikiri, ni jambo la nadra. Akakumbuka kwamba maziwa ya ngamia hayagandi upesi kama ya ng'ombe. Akakumbuka kwamba babu zake, maji yakiisha jangwani, walikunywa maziwa wakafika. Akangoja injini ipoe, akafungua rejeta, pale panapotiwa maji ya kupoza injini, akamimina debe zima.

Naapa gari iliwaka. Ikaja, ikaja, ikaingia bulla yetu ikitoa mvuke wa maziwa yaliyoungua, na mbwa wote wa mtaa huo nyuma yake. Fundi alipofungua rejeta akarudi nyuma hatua, akafunika pua kwa kofia yake. Ndani palikuwa na utando, kama ule ulio juu ya chai iliyosahauliwa. "Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana," akasema. "Nimetoa kutu, nimetoa mjusi. Samli sijawahi kutoa." Sasa si pampu peke yake tena. Pampu na rejeta.

Habari ikafika porini kabla ya jioni. Habiba, mwenye debe lile, akapiga simu akilia kweli. Hakulilia bei. "Halima, mmenichemshia maziwa ya ngamia wangu?" Kila dakika alisema anaenda kuangalia chuchu. Mwishowe akatoa neno: gari isipofika kesho kutwa, nzima na safi, yeye na wenzake watampa maziwa mtu mwingine. Bila maziwa yale Halima hana meza sokoni, na bila meza nyumba hii haina sufuria motoni.

Ndipo wakanikumbuka. Wakaja wawili, wakaketi kwenye mkeka wangu kwa adabu ambayo sijaiona tangu Idi. Kundi langu lote lilikwisha kwenye ukame, amebaki mbuzi mmoja, mweupe, na watoto wawili wadogo wa nyumba hii wanakunywa kwake kila asubuhi.

"Ayeeyo," Jamaal akaanza, sauti ya asali, "ni mbuzi mmoja tu. Gari ikipona nitakuletea wawili."

Nikamwambia, "Mbuzi anayekamuliwa hauzwi."

"Hooyo, mama yangu," Halima akasema, na huyu hakuwa na asali, alikuwa na machozi, "biashara itakufa."

Moyo uliniuma, sitadanganya. Ni mwanangu. Nikamwambia biashara haifi kwa kukosa gari, akodi mkokoteni wa punda, watoke mapema, wakutane na wanawake katikati ya njia. Punda havuji. Na kijana ana simu yenye macho matatu nyuma, mimi nimeishi na macho mawili mpaka uzeeni na nimeona kila kitu. Auze simu, auze na ile redio, anunue pampu, aoshe rejeta. Jamaal akaishika simu kifuani kama mtoto anayetahiriwa.

Enzi zetu shida ikija, wanne waliingia kisimani, wakaimba. Hakuna aliyefikiria kumuuza anayewanywesha watoto ili kukinywesha chuma. Sasa kisima kina mota, wajomba wamelala makaburini, wimbo hakuna anayeujua, na vijana wanne wakikutana kwenye gari mbovu, mmoja anasukuma na watatu wanapiga picha.

Nilikuwa bado nasema hayo tulipobishiwa hodi. Mlangoni alisimama mchuuzi wa mifugo, kamba mkononi. Kumbe Jamaal alikuwa ameshampigia kabla ya kuketi kwenye mkeka wangu. Yule mtu akanisalimia vizuri, kwa Mungu na kwa Mtume, akachungulia uani.

"Mama, mbuzi mwenyewe ni huyu mweupe?"

Nikasimama kati yake na mbuzi. Halima aliinamisha kichwa. Jamaal alitazama simu yake.

"Mbuzi anayekamuliwa hauzwi."