Ugoro wa Bibi na Galaksi Zenye Vumbi

Nimejifunika shuka gubigubi tangu jioni na aibu haijaisha, lakini nisipoandika mwenyewe, wenzangu wa bwenini wataisimulia wao, na wao hawaogopi kuongeza chumvi.

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Mwalimu wa fizikia alinichagua mimi (mimi ambaye hata jina likiitwa asubuhi naitikia kwa kunong'ona) nieleze jinsi wataalamu wanavyopima umbali wa galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali mno. Mama alikuja kwa treni kutoka Goweko, ameomba ruhusa kwenye shamba la ujamaa, kwa sababu baba anasema kumsomesha mtoto asiyefungua mdomo ni kumwaga maji mchangani.

"Nataka nikamwambie nimekusikia kwa masikio yangu," mama alisema.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi: ukumbi umezibwa madirisha kwa mablanketi, kandili moja karibu, nyingine mbali. Rafiki yangu Zuhura anachekecha vumbi mbele ya ile ya karibu, inafifia, inakuwa nyekundu, na macho yanadanganyika kwamba iko mbali. Ndivyo zilivyo galaksi zenye vumbi jingi, ambamo nyota changa zinazaliwa. Ukizipima kwa mwanga unaoonekana tu utakosea, sharti upime na joto la lile vumbi. Na kwa kuwa nuru yake imesafiri muda mrefu sana, tunaziona zilivyokuwa utotoni, ndipo tunajua galaksi hukuaje.

Sasa majivu niliyoyaweka tayari yawe ndiyo vumbi letu yakawa yamelowa. Nikakumbuka kwenye kikapu cha mama kuna kifuko cha ugoro anaompelekea bibi huko Kanyenye, tumbaku iliyosagwa laini kuliko poda. Nikasema moyoni, vumbi ni vumbi.

Zuhura akachekecha. Kandili ikafifia vizuri, mwalimu akatabasamu, nami nikafungua mdomo niseme "Ndugu wazazi", na hapo mwenyekiti wa wazazi, kiti cha mbele, akapiga chafya, mkewe akafuata, safu nzima ikafuata, Zuhura naye akapiga chafya ndani ya chekeche, ugoro wote ukaruka, mtu akaipiga teke kandili ikazimika, mwingine akasema "Moto", basi watu wakaanza kusukumana kuelekea mlango mmoja, na mama alikuwa ameketi palepale mlangoni.

Sijui ile sauti niliitoa wapi.

"Kaeni chini. Hakuna moto. Ni ugoro wa bibi yangu."

Wakakaa. Kisha mwenyekiti, kati ya chafya mbili, akasema, "Kama huu ndio anaovuta, bibi yako ana kifua cha chuma, binti." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikatoka mbio.

Mama alinikuta nyuma ya jiko.

"Umechukua mzigo wa bibi yako bila kuuliza."

"Nisamehe, mama."

"Utamwomba mwenyewe." Akanifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilikaa mbali kabisa, mwanangu. Sauti yako imenifikia."

Naapa mwakani nitaanika majivu mapema, na kikapu cha mtu sitakigusa. Jumamosi naenda Kanyenye kujieleza, na kwa kuwa masikio ya bibi ni mazito, itabidi niseme kwa sauti.