Kiti cha Shangazi: Kutoka Mkuza hadi Mzenga kwa Magurudumu Manne

Mimi si mtu wa safari, na mtaani kwetu Mkuza, Kibaha, hilo linajulikana. Kazi yangu ni kutengeneza makochi. Naifanyia barazani kwangu, na baraza lina kivuli tangu asubuhi hadi alasiri, sasa niende wapi? Mke wangu, Rehema, huwaambia wageni kwamba nikivuka barabara ya lami tu naaga kama mtu anayekwenda Hija. Ni uzushi. Huwa naaga nikienda Mlandizi.

Aliyenitoa barazani ni shangazi yangu, Mwantumu, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Anaishi Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Shamba lake la mikorosho liko ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu mizima. Yeye goti la kushoto limegoma. Mwaka jana alijaribu bodaboda, mchanga wa bondeni ukawalaza chini yeye na dereva, na tangu siku hiyo hataki hata kuisikia ikinguruma. Msimu mzima wa korosho ukapita hajatia mguu shambani. Alikuwa akiletewa habari za mikorosho kama mtu anayeletewa habari za mgonjwa aliyelazwa mbali.

Mwaka huu, msimu ulipokaribia, akanipigia simu.

"Baba," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Msimu huu nisipofika shambani, njoo unichukue. Nitahamia kwako, nizeeke nikikutazama unapiga misumari."

Wiki ile ile nilipaka rangi chumba cha uani. Nikachonga kitanda kifupi, cha kumfaa mwenye goti bovu. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo Rehema ananiuliza lilitoka wapi: nikaenda kununua mtambo wa kumfikisha shambani.

Nilikuwa nimeuona nyuma ya gereji moja Maili Moja, nilikokwenda kutafuta springi za kochi. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, zile ambazo wageni hupandia mchangani kwenye mahoteli ya pwani. Chumvi ilikuwa imeitafuna fremu, panya wamekula waya, na ndani ya kabureta mlikuwa na mchanga wa kutosha kupandia mche. Juu ya kiti alikuwa amelala kuku. Nilimhurumia kumwamsha, lakini biashara ni biashara.

Fundi Chande, jirani yangu anayetengeneza bodaboda, aliizunguka mara mbili akaniuliza, "Umenunua au umeokota?"

Tuliishughulikia mwezi mmoja na nusu. Chande aliifungua mpaka ikabaki mifupa, akakwangua kutu, akachomelea palipooza, akapiga rangi ya kijani. Kabureta tukatoa kwenye bodaboda iliyokufa, beringi za magurudumu tukapata kwa mwenye guta, baiskeli ya mizigo. Halafu tukaingia kwenye maboresho, na hapo ndipo nilipoanza kujiona mtu. Tukaweka tairi zenye meno makubwa kwa ajili ya mchanga, shokapu ngumu zaidi, keria ya chuma mbele ya kubebea magunia, na nyuma ya dereva kiti cha Shangazi. Hicho nilikifanya mwenyewe. Nilikipa sponji ya daraja la kwanza, kitambaa chekundu kilichobaki kwenye makochi ya bwana harusi mmoja, na mgongo mrefu wa kuegemea wenye vifungo. Kwa majaribio, Chande alipakia gunia la mahindi juu yake, akalifunga kamba, akazunguka nalo Mkuza nzima. Gunia halikutikisika.

Rehema alisimama mlangoni akitazama, mikono kiunoni.

"Baba Asha, chumba umempakia rangi wewe. Na hiki kitakachomfanya asije, unakitengeneza wewe. Unataka lipi?"

Nikamwambia anipishe, ananizibia mwanga.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliipakia kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, maana njia ya lami si ya mtambo ule wala si ya moyo wangu. Rehema alinifungia vitumbua na kunipa mkono kwa heshima zote, kama anamuaga balozi. Nilibeba nyundo, sindano kubwa na uzi. Wenzangu wakisafiri hubeba dawa.

Mlandizi, saa moja na nusu, tukaishusha. Dereva wa kirikuu aliniangalia nikivaa kofia ngumu, akaniuliza kama nimewahi kuiendesha.

"Mtaani," nikasema.

"Mtaa mzima au nusu?"

Nikawasha, ikaitika mara ya kwanza, nikaondoka kuelekea kusini kwa heshima.

Njia ya kwenda Mzenga ni ya kifusi, kisha mchanga, kisha kifusi tena. Pembeni kuna mihogo na nyumba zilizopeana nafasi ya kutosha, kila moja na ua wake uliofagiwa. Watu walisimama kunitazama, nami nikawapungia mkono mmoja, kisha nikaurudisha haraka kwenye usukani. Nilikwenda kwa mwendo wa busara. Busara yenyewe ilikuwa kubwa mno, kwa sababu kabla ya kuvuka reli nilipitwa na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Mwenye baiskeli aligeuka akaniambia, "Pole na safari, mzee." Mimi nina miaka arobaini na mitatu.

Lakini niseme na la upande wa pili. Kwenye mchanga mzito, pale ambapo mwenye baiskeli ilibidi ashuke na kuisukuma, mtambo wangu ulipita kama unateleza juu ya mkeka. Nikampita yule bwana. Nikamwambia, "Pole na kazi." Nikacheka peke yangu ndani ya kofia mpaka machozi yakanitoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mbali na nyumbani kwake, mavumbi mpaka kwenye meno, na akawa anafurahi.

Mzenga nilifika kabla ya adhuhuri. Shangazi alikuwa kibarazani, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, anapepeta kunde. Nilizima injini, nikavua kofia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Kwenu hawajambo? Na hiki ulichokuja nacho, ni pikipiki au ni trekta lililonyimwa chakula?"

Jirani yake, Mama Zuhura, mwanamke mwenye mikono ya kazi na sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya mto, alikuja na watu nusu ya kijiji nyuma yake. Shamba lake limepakana na la Shangazi, na ndiye aliyekuwa akimletea zile habari za mikorosho. Nikaeleza mtambo wote, toka tairi hadi taa. Nilipofika kwenye kiti nikashusha sauti kidogo, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Shangazi alisimama kwa mkongojo wake, akaja akakipapasa kitambaa, akabonyeza sponji kwa kidole gumba.

"Kazi nzuri," akasema. "Sasa nikae vipi?"

"Unapanda tu, Shangazi. Mguu mmoja huku, mwingine huku."

Mama Zuhura akaziba mdomo kwa pembe ya kanga.

"Baba," akasema Shangazi polepole, "mimi nina miaka sabini na kitu, nimevaa kanga mbili na gauni. Unataka nitanue miguu mbele ya watu kama mwanamume anayekwea mnazi?"

Nilikitazama kile kiti. Mgongo wake ulikuwa nyuma kabisa, umesimama wima kama askari. Anayetaka kukaa upande, kama wanavyokaa akina mama wote wa kwetu kwenye bodaboda na kwenye keria ya baiskeli, angekuwa na mgongo huo ubavuni, miguu inaning'inia hewani, na pa kushika hana. Mtu mwenye goti bovu asingefika hata kisimani.

"Mlimpima nani?" akauliza Mama Zuhura.

"Gunia la mahindi," nikasema.

"Ehee. Gunia la mahindi halivai kanga."

Walicheka wote, na walikuwa na haki. Mimi nimekula mkate wangu wote wa utu uzima kwa kujua watu wanavyokaa. Nakuuliza unapenda kuegemea au kukaa wima, una kiuno au huna. Shangazi yangu aliyenibeba mgongoni sikumuuliza.

Nitakiri na jingine, kwa kuwa niliyeamua kusimulia ni mimi. Alipogeuka kurudi kibarazani na kusema, "Basi, baba, imekuwa hivyo, nitafungasha," moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona chumba kilichopakwa rangi, niliona kitanda kifupi, nilimwona anakula vitumbua vya Rehema na kunisema mchana kutwa. Ilikuwa furaha ya sekunde chache, Mungu anisamehe. Kisha nikamwona anavyokaa: alijishusha kwenye kigoda, akaitazama njia ya bondeni, akaokota kunde moja iliyodondoka na kuifuta vumbi kwa kidole. Uso ule naujua. Ndio ninaokuwa nao mimi kila Rehema anaponiambia nivae twende harusini. Ni uso wa mtu anayetolewa kwake.

Nikaenda kuchukua nyundo.

Alasiri yote tulikuwa uani. Kiti kilikuwa kimefungwa kwa nati nne. Nilikifungua, nikakigeuza kitazame kushoto, mbali na bomba la moshi lililo kulia. Mgongo niliukata ukawa mfupi, nikauhamishia upande wa bomba, ukawa wa kuegemea mtu aliyekaa upande. Mama Zuhura alileta keria ya baiskeli kuukuu, tukaifunga chini iwe pa kukanyagia. Shangazi alikuwa akitoa amri kutoka kibarazani.

"Juu kidogo. Goti hili halikunji hivyo. Chini. Hapo. Na pa kushika?"

Nilimkatia mpini wa jembe, nikauvalisha sponji na kitambaa chekundu kilichobaki, nikaufunga mbele yake. Safari hii nilimpima yeye mwenyewe. Alikaa mara saba, na mara saba nikachomoa uzi na kushona upya. Mara ya nane alijisogeza, akaweka mikono kwenye mpini, akasema, "Sasa nimekaa."

Ijumaa, saa moja asubuhi, tuliteremka bondeni. Niliendesha kwa ile busara yangu. Nyuma yangu Shangazi aliushika mpini wake kwa mikono miwili. Mchanga ulianza, tairi zikauma, mtambo ukapita bila kuyumba pale pale alipoangushwa mwaka jana. Nilisikia pumzi ndefu ikimtoka.

Shambani alishuka kwa kukanyaga keria, mkono begani kwangu. Alikwenda mti kwa mti na mkongojo wake, akigusa magome. Mmoja alioupanda mwenyewe mwaka nilioanza shule ulikuwa umevunjika tawi, na hakuna aliyemwambia. "Hili mbona hamkuniambia?" akamuuliza Mama Zuhura, aliyekuja kwa miguu na kutukuta. Kisha akapiga magoti, goti moja kwa kweli na la pili kwa kujisaidia na mti, akaanza kuokota korosho. Tulimwacha. Tulijaza gunia moja na robo, nikalifunga kwenye keria ya mbele.

Wakati wa kurudi alipanda, akashika mpini wake. Nikawasha.

"Zunguka kwanza," akasema.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Zunguka shamba."

Nikazunguka.

"Tena. Na safari hii usiendeshe kama unambeba maiti."

Mzunguko wa pili niliongeza mafuta. Kanga yake ilipepea, mikorosho ikapita kushoto na kulia, na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, Shangazi anacheka kwa tumbo. Mama Zuhura alikuwa akipiga makofi na kudai zamu yake. Jioni ile nilimfundisha kuendesha. Alijifunza kwa nusu saa kile kilichonichukua wiki tatu, na ndiye anayempeleka Shangazi shambani sasa, na kubeba magunia ya wote wawili.

Jumapili nilirudi bila mtambo, kwa Noah za abiria, kupitia Kibuta hadi Kisarawe mjini, kisha nikaitafuta Kibaha. Begani nilikuwa na kifuko cha korosho, na mkononi kile kipande cha mgongo nilichokikata, chenye vifungo vyake vyekundu. Watu waliniuliza ni cha nini. Nikawaambia ni cha mtu aliyedhani anajua kukalisha watu.

Nilichojifunza ni hiki: uvivu wangu wa safari si tabia niliyoiokota mtaani, nimerithi. Shangazi na mimi tuna ugonjwa mmoja, hatupendi kutolewa kwetu. Tofauti ni kwamba kwake ni kwenye mikorosho, kwangu ni barazani. Na mwenye ugonjwa huo hapaswi kumtibu mwenzake kwa kumhamisha.

Nilipofika, Rehema alikuwa mlangoni pa chumba cha uani, na ufagio.

"Kwa hiyo haji?"

"Anakuja. Korosho zikiisha, atakuja kututembelea wiki mbili."

"Si ndiko huko huko kuja?"

"Siyo," nikasema, nikaingia kutandika kitanda. "Huyu atarudi kwao."